Askari Akikukosea Tunduma, Kesi Ni ya Nani?

Mfanyabiashara akichukuliwa mzigo wake na askari mjini Tunduma bila karatasi yoyote, au kijana wa bodaboda akipigwa mahabusu, jamaa na majirani humpa ushauri mmoja: nenda kamwone mkuu wa kituo. Ushauri huo si mbaya. Ila anayeutoa na anayeupokea, wote wawili, kwa kawaida hawajui kinachofuata baada ya maelezo kuandikwa. Mlalamikaji hutoka pale akiamini amefungua kesi, kumbe amempelekea mwajiri taarifa za mfanyakazi wake. Haya ni mambo mawili tofauti, na katikati yake ndipo haki za wengi hupotelea.

Nidhamu ya askari inasimamiwa na Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, pamoja na kanuni zake na mwongozo ambao askari wenyewe huuita PGO. Humo ndimo yalimoorodheshwa makosa ya kinidhamu: kulewa kazini, kuacha lindo, kukaidi amri halali, kutumia silaha vibaya, kuomba au kupokea rushwa, na lile kosa pana linalobeba mengine mengi, yaani mwenendo unaolifedhehesha Jeshi. Malalamiko yakifika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, ofisa huteuliwa kuyachunguza. Ataandika maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi na ya askari anayelalamikiwa. Jalada likionyesha kosa, askari huandikiwa hati ya mashtaka na kufikishwa mbele ya kikao ambacho askari na magazeti huita mahakama ya kijeshi.

Kikao hicho hakina hakimu wala wakili wa serikali. Anayesikiliza ni ofisa wa polisi. Hata hivyo si mchezo wa kuigiza: mshtakiwa husomewa shtaka, hukiri au hukana, huwahoji mashahidi wanaomshtaki, hujitetea na kuleta mashahidi wake. Adhabu huanzia onyo na karipio, zikapanda hadi faini, kushushwa cheo na kufukuzwa kazi. Asiporidhika, hukata rufaa kwa wakubwa wake ngazi kwa ngazi, na mlango wa Mahakama Kuu hubaki wazi kwake kuomba uamuzi huo upitiwe kama utaratibu ulikiukwa. Hayo ni kwa askari wa vyeo vya chini, kuanzia Konstebo hadi Sajini Meja. Kuanzia Mkaguzi Msaidizi kwenda juu, mkono wa kamanda wa mkoa ni mfupi. Madaraka ya nidhamu yako kwa tume ya utumishi inayohusika na vyombo vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa wakubwa kabisa yanafika kwa Rais.

Angalia sasa ni nani asiye na kiti katika kikao hicho. Mlalamikaji huitwa kama shahidi, akimaliza kusema anaondoka. Askari akiachiwa, yeye hana rufaa. Askari akitiwa hatiani, yeye halipwi fidia wala harudishiwi gharama za matibabu. Mara nyingi hata uamuzi wenyewe huusikia mtaani. Ubishi ulio mezani ni kati ya Jeshi na askari wake: je, huyu bado anafaa kuvaa sare? Ni swali halali kabisa, na kila mwajiri ana haki ya kuliuliza. Lakini halijibu lile la mlalamikaji, ambaye ameumizwa na anataka kujua atalipwa na nani.

Tuupeleke utaratibu huu Tunduma. Mji huu ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya 2022, na ndio lango kuu la mizigo ya Zambia na Kongo. Barabara ya TANZAM inavukia hapa kwenda Nakonde, reli ya TAZARA inapita hapa, na foleni ya malori huelekea nyuma hadi Mpemba na zaidi siku mfumo ukikwama. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimepunguza karatasi, lakini mpaka unabaki kuwa mpaka: kuna watu wenye haraka na fedha taslimu, na kuna watu wenye mamlaka ya kuwachelewesha. Hapo ndipo vishawishi huzaliwa, na ndipo utaratibu wa nidhamu unapokwama kwa sababu nyepesi sana kuieleza. Mashahidi wanasafiri.

Chukua dereva aliyebeba mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Usiku mmoja analazwa mahabusu bila kosa, asubuhi anaachiwa baada ya kutoa fedha. Analalamika, maelezo yake yanaandikwa vizuri tu. Kikao kinapopangwa, dereva yuko Kongo, utingo wake yuko naye, na askari anakana. Aliyebaki mjini ni wakala wa forodha aliyeona mwanzo wa tukio, naye kesho na keshokutwa atahitaji kufanya kazi na askari walewale. Atasema alikuwa ndani ya ofisi. Shtaka linafutwa, na kwa ushahidi uliopo, ofisa anayesikiliza hana la kufanya.

Kwa hiyo anayelalamikia jambo mpakani aseme mapema, kwa maandishi, ratiba yake ya safari na siku atakayopita tena, aombe kikao kipangwe kwa kuzingatia hilo, na aache namba za simu za walioona. Picha au sauti iliyorekodiwa kwenye simu ipelekwe ikiwa bado imo ndani ya simu iliyorekodi, si nakala iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unamlalamikia mtu kwenye ofisi yake. Tunduma ina sare nyingi. Ofisa Uhamiaji hayumo ndani ya Sura ya 322, ofisa forodha ni mtumishi wa TRA, na mgambo anayefukuza wamachinga au wauza kwacha ametumwa na halmashauri. Barua iliyopelekwa kusiko hulala kwenye droo, na hakuna anayeona ana wajibu wa kuijibu.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja au miwili. Iandikwe tarehe, saa, mahali hasa (Sogea, Majengo, Mpemba kwenye mizani), kilichosemwa, kilichofanywa na walioona. Andika jina la askari lililo kifuani. Askari wa vyeo vya chini wana namba za Jeshi zinazoanza na herufi, na kwa wanawake WP hutangulia. Namba hiyo huonekana kwenye karatasi yoyote aliyoiandika, iwe maelezo, iwe hati ya kuchukua mali. Ipeleke kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Songwe, Vwawa, na nakala kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Dodoma. Jambo ambalo watu hulisahau ni nakala yao wenyewe: chapisha nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako, uondoke nayo. Miezi sita baadaye, muhuri ule ndio utakaoonyesha kwamba ofisi ilijua na lini ilijua.

Upande wa kituo nao una karatasi zake, na hizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kuna kitabu cha matukio, ambamo taarifa iliyopokelewa hupewa namba ya RB. Kuna rejesta ya mahabusu, inayoonyesha saa ya kuingia na ya kutoka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani au apewe dhamana ndani ya saa 24 kwa makosa ya kawaida, na mahojiano ya awali yasizidi saa nne bila kuongezewa muda kisheria. Kama rejesta inasema uliingia Ijumaa jioni na ukatoka Jumatatu mchana kwa kosa la matusi, lalamiko lako limejithibitisha lenyewe. Sheria hiyohiyo inamtaka askari anayechukua mali katika upekuzi aandike stakabadhi yenye saini ya mwenye mali na ya mashahidi. Magunia ya sukari au marobota ya vitenge yaliyoondoka bila stakabadhi hayajakamatwa kisheria, hata kama aliyeyabeba alikuwa na sare na gari la polisi.

Karatasi inayonisumbua kuliko zote ni PF3. Aliyejeruhiwa na mwenzake kilabuni huenda polisi, hupewa fomu hiyo, huipeleka hospitali, daktari huijaza. Aliyejeruhiwa na polisi anatakiwa kufuata njia ileile: aombe fomu kwenye kaunta ya kituo alichopigiwa, pengine kwa askari aliyekuwa zamu na yule aliyempiga. Wengi hurudi nyumbani wakajikanda kwa maji ya moto, na baada ya wiki uvimbe umetoweka pamoja na ushahidi. Nawaambia watu waziwazi: hali ikiwa mbaya nenda hospitali kwanza, kwani kuokoa maisha hakusubiri fomu. Mweleze daktari ukweli wote, na umwombe aandike kwenye faili lako tarehe, saa, na kila jeraha lilipo na ukubwa wake. Kisha omba PF3 kituo kingine. Vwawa si mbali. Ndugu na afuatane nawe, ili awepo wa pili wa kusema ulinyimwa kama utanyimwa.

Sasa turudi kwenye kufukuzwa kazi, kwa kuwa umma huridhika haraka mno unaposikia kwamba askari amefukuzwa. Kufukuzwa si adhabu ya jinai. Askari aliyepiga, aliyeiba au aliyeua ametenda kosa lilelile ambalo raia yeyote angelitenda, chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kuadhibiwa kinidhamu hakumwondolei kesi mahakamani. Mazoea ni kwamba askari hufukuzwa kwanza, kisha hufikishwa mahakamani akiwa ‘aliyekuwa askari’. Naelewa kwa nini Jeshi linapenda mpangilio huo. Hakuna chombo kinachotaka sare yake ionekane kizimbani. Lakini una hasara yake. Kosa hugeuka kuwa la mtu mmoja aliyepotoka, na maswali kuhusu aliyempa amri, aliyekuwa zamu na aliyefumba macho hubaki nje ya hati ya mashtaka.

Barabara ya TANZAM ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa amezungukwa na askari wa kutuliza ghasia, mchana kweupe, kamera za waandishi wenzake zikiwa zinapiga picha. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Emmanuel Nchimbi, aliunda kamati iliyoongozwa na Jaji Stephen Ihema, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikafanya uchunguzi wake. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu Konstebo mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Walikuwepo askari wengi na maofisa waliowaongoza. Aliyesimama kizimbani alikuwa mmoja, wa cheo cha chini kabisa.

Miaka sita kabla ya Nyololo, Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, Dar es Salaam. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba ni majambazi. Ukweli ulianza kutoka baada ya Rais Jakaya Kikwete kuunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa mwaka 2009, na ilikuwa Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja. Kisha Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi Mtwara. Polisi wakaunda timu yao ya kuchunguza. Rais Samia Suluhu Hassan aliikataa hadharani mwezi uliofuata, akisema haiwezekani polisi watuhumiwe kuua halafu wajichunguze wenyewe, na akamwagiza Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kuunda kamati nyingine. Juni 2025 maofisa wawili katika kesi hiyo walihukumiwa kunyongwa.

Ukiyaweka matukio haya pamoja utaona jambo ambalo serikali zenyewe zimelikiri kwa vitendo, awamu baada ya awamu. Kila jambo linapokuwa zito, uchunguzi wa ndani huonekana hautoshi, na chombo cha nje hubuniwa upya kwa ajili ya tukio hilo moja, kikaandika ripoti, kikavunjwa. Marehemu akiwa mtu ambaye kifo chake kimetikisa magazeti, kamati inapatikana. Dereva wa Tunduma, au mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyevunjwa mkono, haundiwi kamati. Kwake linabaki jalada la OCD.

Si kwamba hana pengine pa kwenda. Kama jambo ni rushwa, TAKUKURU ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa sababu haiko chini ya Jeshi la Polisi na inaweza kuweka mtego. Kupiga simu namba 113 ni bure. La muhimu ni wakati: toa taarifa fedha ikiwa imeombwa lakini bado haijatolewa. Noti zikishaandaliwa na maofisa wa TAKUKURU, ushahidi unakuwa mzito. Ukishalipa kimyakimya, umebaki na neno lako dhidi ya la askari, tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ambayo yule wakala wa forodha aliyesema alikuwa ofisini angepaswa kuelezwa habari zake.

Kama jambo ni kupigwa, kuteswa au kuwekwa ndani isivyo halali, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuchunguza chini ya Ibara ya 129 ya Katiba na sheria yake ya mwaka 2001. Inaweza kuita watu na kudai nyaraka, zikiwemo rejesta nilizozitaja. Udhaifu wake unajulikana: hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi siidharau. Ripoti ya Tume ni maandishi ya chombo cha kikatiba, na mlalamikaji akifika mahakamani nayo hafiki mikono mitupu.

Na kama unachotaka ni fidia, anayeshtakiwa ni serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu, katika Mahakama Kuu. Kabla ya kufungua shauri, sheria ya mashauri dhidi ya serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa madai. Watu huja kwa wakili siku ya mwisho wakiwa hawajaandika hata barua moja. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wanaweza kuandika notisi au barua ya malalamiko vizuri kabisa.

Mtu akifia mikononi mwa polisi, mambo ni mengine tena. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka kifo cha aliye kizuizini kichunguzwe mbele ya hakimu anayekaa kama mchunguzi wa vifo. Familia hazijui kwamba zinaweza kulidai hili, na wala haziambiwi. Zinakabidhiwa mwili na maelezo ya mdomo.

Ng'ambo ya geti, Nakonde, mambo yamepangwa tofauti. Zambia ilibadili Sheria yake ya Polisi mwaka 1999 ili kuanzisha mamlaka ya kupokea malalamiko ya umma dhidi ya polisi, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2016 yakaifanya kuwa tume. Kenya ilianzisha mamlaka yake huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwa sheria ya mwaka 2011, na sheria ya polisi ya huko inawataka askari kuijulisha kila mtu anapokufa au kuumizwa vibaya mikononi mwao. Juni 2025 Albert Ojwang alipofariki ndani ya Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi, polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukapinga maelezo hayo, IPOA ikachukua jalada, na mkuu wa kituo na wenzake wakafikishwa mahakamani kwa mauaji. Kuwa na chombo huru hakukumwokoa Ojwang, na Kenya bado inazika vijana wanaouawa na polisi. Lakini kulikuwa na watu wenye amri ya kisheria ya kuingia kituoni na kuchukua rekodi bila kumwomba ruhusa mkuu wa kituo.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, ikataka mabadiliko makubwa ya Polisi, hata namna Jeshi linavyojitazama mbele ya raia. Katika utekelezaji wake, ningetaka chombo huru cha malalamiko kiwekwe ndani ya sheria, chenye wapelelezi wake wasiopandishwa vyeo na Mkuu wa Jeshi la Polisi. Kiwe na uwezo wa kuchukua rejesta ya mahabusu siku ileile, kutoa PF3 au fomu inayolingana nayo, na kuandika ushahidi wa msafiri kwa kiapo kabla hajavuka, ushahidi ambao kikao cha nidhamu na mahakama vitalazimika kuupokea. Askari naye angefaidika: anayesingiziwa na dereva aliyekasirishwa na faini halali angesafishwa na watu wasio wakubwa wake, na Konstebo aliyetii amri mbaya angepata mahali pa kumtaja aliyeitoa. Na kila lalamiko liishe kwa barua kwenda kwa aliyelileta, ikisema limechunguzwa na nani, limeonekana nini, na kama hajaridhika akate rufaa wapi na ndani ya siku ngapi.